Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Mtu angeweza kumtukana Atai, akamnunia, hata akamrukia foleni pale bombani, na kesho yake wakasalimiana vizuri tu. Lakini athubutu kufuta gari la vumbi kwa kitambaa kikavu mbele ya macho yake! Aliwahi kumpokonya padri mmoja kitambaa mkononi. "Padri, huo ni mchanga unausugua, si unga wa mahindi," alimwambia, na padri wa watu akacheka kwa aibu na kusogea pembeni.

Sehemu yake ya kuoshea magari ilikuwa Busia, upande wa Uganda, nyuma ya maegesho ya malori. Alikuwa ameezeka mabati kwa sababu hakukubali kuosha gari juani, sabuni ikakaukia kwenye rangi. Kwake yeye kazi ilianza na maji. Maji mengi, kuanzia juu ya paa, yaachwe yateremke yenyewe na kuondoka na mchanga kabla mkono wa mtu haujagusa kitu. Ndipo ije glavu laini ya manyoya na sabuni ya gari, si ile ya unga ya kufulia. Ndoo zilikuwa mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuza glavu, ili mchanga uliotoka mlangoni usirudishwe kwenye boneti. Mkono uende moja kwa moja, usizunguke. Kitambaa kikianguka chini, kazi yake imekwisha siku hiyo. Na wakati wa kukausha, taulo linalazwa na kubonyezwa, haliburutwi. Wateja walimwita mkorofi na bado walirudi.

Gari alilolipenda kuliko yote lilikuwa Premio nyeusi ya mumewe, Ecodu, ambayo aliiendesha kwa kukodisha, akibeba abiria kwenda Malaba, Tororo na popote walipotaka. Gari jeusi ni balaa kwa anayeliosha, kwa maana kila mkwaruzo, hata mwembamba kama unywele, huonekana likisimama kwenye mwanga. Atai alikuwa ameliosha kila jioni tangu walinunue, na kwenye rangi yake bado uliweza kujitazama ukachana nywele.

Sasa ilikuwa Januari, mvua hakuna, na barabara zote zilikuwa zinafuka. Alhamisi moja jioni Ecodu aliegesha gari chini ya mabati, akaenda kutafuta chai. Atai akachukua mpira wa maji, na kabla hajaufungua akaona kitu. Gari zima lilikuwa limevikwa vumbi, lakini kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, kuzunguka kishikio, palikuwa pamefutwa. Ni sehemu ya ukubwa wa sinia, imesuguliwa ikawa nyeusi. Alimwaga maji, akaosha, akakausha, akalisogeza gari kwenye jua la jioni kutazama. Pale palipofutwa palikuwa na mikwaruzo ya duara, mingi, imepandana.

Ecodu asingeweza kufanya hivyo. Miaka yote aliyokaa naye alikuwa amemfundisha mpaka akafundishika. Hata ndege akichafua kioo, Ecodu alisubiri maji. Abiria wa kawaida naye hafuti gari la mtu, anashuka na kwenda zake. Huyu alikuwa mtu anayejiona ana haki ya kulishika gari hili na kulipangusa. Na kwa jinsi Atai alivyowajua watu, mtu wa namna hiyo alikuwa mwanamke.

Akaingia ndani kuendelea na upekuzi. Kioo cha ndani, kile cha dereva kutazamia nyuma, kilikuwa kimegeuzwa kikaelekea kwenye paa. Atai alikitazama muda mrefu. Nani anageuza kioo cha dereva, kama si mwanamke anayejipaka mdomo?

Ecodu aliporudi, midomo bado ina chai, mkewe alikuwa anakamua taulo.

"Baba Olupot, leo ulifika wapi?"

"Malaba tu. Malaba na kurudi."

Malaba ni lami mpaka mlangoni. Vumbi aliloliosha Atai lilikuwa jekundu, zito, lenye chembe zinazometa, na hilo hakuhitaji kuambiwa lilitoka wapi. Alizaliwa ndani yake. Ni vumbi la Mukuju, la zile njia za ndani ukiiacha barabara kuu. Alikua nalo kwenye nywele na kwenye uji. Ecodu alikuwa anamdanganya huku udongo wa kwao Atai unatiririka kwenye mtaro miguuni pao.

"Sawa," Atai akasema, na akamtengea chakula usiku huo kama mke asiyejua lolote.

Tangu siku hiyo raha ilimtoka. Alinusa viti. Aliinua mazulia. Alikuta uzi wa leso, wa rangi ya machungwa, umenasa kwenye mkanda wa kiti cha nyuma, akaufunga kwenye kona ya kitambaa chake kama mgambo aliyepata ushahidi. Siku nyingine zote gari lilirudi na vumbi la kawaida na kioo mahali pake. Alhamisi iliyofuata lilirudi na vumbi la Mukuju, kioo kimetazama paa, na mlango wa nyuma wa kushoto umesuguliwa tena. Mikwaruzo mipya ilikuwa imelala juu ya ile ya zamani.

Mtu atauliza, kama ni Mukuju, kwani mama yake Atai si yuko huko huko? Yuko, Mama Apio, peke yake na mbuzi zake. Lakini hilo halikumpitia Atai kichwani hata kidogo, na aliyekulia kwa Wateso ataelewa. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawakai kiti kimoja. Na Mama Apio alikuwa mkali wa mambo hayo kuliko jirani zake wote. Ecodu alipokwenda kusalimia, mama alizungumza naye kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, tena kwa kumtuma mtu. Kwamba wawili hao waingie kwenye gari moja na milango ifungwe, Atai angeamini upesi zaidi kama angeambiwa mbuzi ndiye aliyekodi gari.

Kwa hiyo alichokiona yeye ni kwamba mumewe ana mwanamke, na amekosa adabu kiasi cha kumchagua kutoka kijiji kile kile alikomposa mkewe. Hilo lilimuuma mara mbili. Watu wa kwao walikuwa wanamwona, wanacheka, na hakuna aliyempigia simu.

Aliyemwongezea petroli ni Syprose. Huyu alikuwa Mkenya wa ng'ambo ya pili, anavuka kila siku na mzigo wa glavu, taulo na sabuni za magari, na ndiye aliyemuuzia Atai vyote. Alikaa juu ya kreti ya soda, akavua viatu, akashusha sauti.

"Atai, mimi sitaki kukuvunjia nyumba, sawa? Lakini Alhamisi nilikuwa Tororo kupeleka mzigo, nikaona hiyo Premio yenu. Kuna mtu amekaa nyuma, amejifunika leso mpaka kwa uso. Na bwana yako anaendesha polepole, utadhani amebeba mayai."

"Mtu wa umri gani?"

"Si nimekuambia amejifunika! Mimi niliona gauni la gomesi tu. Gomesi safi, ya kwenda kanisa. Waliingia kwa ile njia ya hospitali. Haki, dada, abiria wa kawaida hajifichi hivyo."

Atai akamgeukia. "Na wewe, mzigo gani unapeleka Tororo siku ya Alhamisi?"

"Ai! Sasa mimi ndiye nimekuwa mshukiwa?" Syprose akavaa viatu vyake. "Pole, lakini usinitazame hivyo. Mimi bwana yako hata haninunulii soda."

Alipoondoka, Atai aliona haya, lakini haya zenyewe hazikukaa. Alichobaki nacho ni lile neno hospitali. Mwanamke anayepelekwa hospitali na mume wa mtu, kila wiki, amejifunika: basi ana mimba. Atai alikaa juu ya kreti aliyoiacha mwenzake. Alikuwa na mtoto mmoja, Olupot, aliye shule ya bweni, na baada yake hakupata mwingine. Ecodu hakuwahi kulalamika. Sasa Atai aliona kwamba hakuhitaji kulalamika.

Angeweza kumuuliza. Njia hiyo ilikuwepo, nyeupe, imenyooka, na yeye aliipita kama haioni. Aliogopa kudanganywa tena, na zaidi aliogopa kuambiwa kweli akiwa hana kitu mkononi. Alitaka alama. Alitaka siku atakayosema "mwanamke wako ni yule," aweze kumwonyesha kwa kidole, ndipo afunge nguo zake arudi kwa mama yake.

Jumatano jioni aliliosha gari kwa utaratibu wake wote, maji kwanza, ndoo mbili, taulo kulazwa. Halafu akaenda kwa fundi jirani, akachota kwa ncha ya kidole grisi nyeusi, ile ya beringi za malori, ambayo ikikamata nguo imekamata. Akaipaka chini ya kishikio cha mlango wa nyuma wa kushoto, ndani kule vidole vinakoingia na macho hayafiki. Kidogo tu, lakini ya kutosha gomesi ya kanisani. Kisha akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akajinusa, akanawa tena.

Asubuhi Ecodu aliondoka mapema, amevaa shati lililopigwa pasi. Alipiga pasi mwenyewe, jambo ambalo nalo lilihifadhiwa kwenye faili. Atai alifunga kazi, akasema anakwenda msibani, akapanda gari la Tororo.

Alisimama kwenye ile njia ya hospitali, ng'ambo ya lango la kliniki ya macho, bila kujua kuwa ni ya macho, kwa sababu hakusoma kibao. Alikuwa anasoma magari. Aliitambua Premio kwa mbali, imeegeshwa kwenye kivuli upande wa pili wa barabara, kando ya lango, mwamba wa Tororo umesimama nyuma yake. Ecodu alikuwa hatua nyingi mbali na gari, amelipa mgongo, mikono nyuma, anautazama ukuta mtupu. Aibu imemkamata, Atai akajisemea. Anaogopa kuonekana naye.

Ndipo yule mwanamke akatoka langoni. Gomesi safi. Leso ya machungwa imefunika kichwa na uso. Alitembea taratibu, mkono mmoja mbele, mpaka akaligusa gari, akapapasa, akapata kishikio, akafungua. Kabla ya kuingia akashika kona ya leso na kuanza kusugua mlango pale mkono wake ulipogusa. Alisugua kwa nguvu, duara juu ya duara.

Hapo Atai hakuona tena barabara. Alisikia tu honi ya pikipiki na mtu akimwita kichaa. Alifika, akamshika mwanamke bega, akaivuta ile leso ikaanguka chini kwenye vumbi.

Alikuwa Mama Apio.

Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba, yanatoa machozi. Kwenye kope na shavuni palikuwa na michirizi myeusi. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi, na kifuani mwa gomesi, pale alipojifutia, palikuwa na mabaka ambayo hayangetoka tena. Kule ukutani Ecodu alikuwa amegeuka kwa kelele, akamwona mama mkwe wake kichwa wazi, na kwa haraka akafunika uso kwa mikono yote miwili na kugeukia ukuta tena kama mtoto aliyechapwa.

"Ni nani?" Mama Apio aliuliza. Alikuwa anamtazama Atai usoni kabisa.

"Mimi, Mama."

"Atai?" Akanyoosha mkono, akapata shavu la mwanawe, akaacha alama. "Nani amekuambia? Nilimkataza asikuambie."

"Mama, huoni?"

"Naona mwanga. Mwanga na vivuli. Ni ukungu umeingia machoni, wanasema unakatwa na kutolewa." Alizungumza upesi, kama mtu aliyekamatwa na kosa. "Mkwe alileta abiria karibu na kwangu, akanikuta nimejigonga kwenye mti wa ua. Nilimwambia akikuambia sitapanda gari lake. Ningefanyaje? Ukijua sioni, utanihamishia Busia, nikakae nyumba moja na mkwe wangu, nisikie hata anavyokoroma. Nilitaka nitibiwe kwanza. Hatusemi neno njiani. Ameinua kioo chake, asinione. Mimi nami nafuta nilipogusa, ili mkono wake usipite ulipopita wangu."

Atai alikumbuka viti vya nyumbani kwao. Utotoni na hata baada ya kuolewa, kila kiti ambacho mama yake alikikalia kilifutwa kwa kona ya leso kabla mkwe yeyote hajakaribishwa. Alikuwa ameona hivyo mara nyingi sana. Tena alikuwa na uzi wa leso ile ile, umefungwa kwenye kitambaa, hapo hapo mfukoni.

"Na leo wamekukata?" aliuliza, ingawa aliona.

"Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Sikulala kwa furaha. Lakini sijui nilishika nini nikapangusa machozi, jicho likawaka moto. Daktari amesema jicho likiwa hivi halikatwi. Amenisafisha, kanipa dawa ya matone, nirudi likishatulia. Sasa nimetoka tu, nimelipangusa, linawasha tena." Alileta vidole puani, akavinusa. Akavinusa mara ya pili, polepole. Nguo za Atai zote, kwa kushinda jirani na fundi, zilikuwa na harufu ile, na mama yake, tangu macho yalipoanza kumwacha, alikuwa anawajua watu hivyo.

"Grisi," Mama Apio alisema.

Atai aliinama akaiokota leso.

"Ulidhani ni nani, mwanangu?"

Swali hilo aliliuliza bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomvunja Atai. Alipiga magoti pale pale barabarani akalia. Alinunua maji dukani, akaomba sabuni kwa muuza chapati, akamwosha mama yake vidole kimoja kimoja, akamwosha uso, maji kwanza, akiyaacha yateremke yenyewe, bila kusugua. Akamfunika leso. Mama Apio alipotaka kurudia kufuta mlango, Atai alimzuia mkono, akaumwagia mlango maji yaliyobaki.

"Mwambie mkwe wangu aje, jua ni kali," Mama Apio alisema.

"Baba Olupot," Atai akaita, "mama anasema uje."

Ecodu alikuja ameinamisha kichwa, akaingia upande wake, akakigeuza kioo juu. Alipita karibu na mkewe na macho yake yakaangukia doa jeusi kwenye shavu la Atai, kisha kwenye kishikio cha mlango. Akaelewa yote. Atai alimwona anavyoelewa. Njia nzima mpaka Mukuju hakuna aliyesema kitu, na safari hii haikuwa kwa sababu ya adabu peke yake.

Nyumbani aliomba msamaha. Alisema yote, kuanzia sinia la vumbi mpaka kidole cha grisi, na Ecodu akasikiliza, akasema, "Basi, yameisha. Mimi pia nilipaswa kukuambia." Hakupandisha sauti. Kwa watu wengine neno hilo lingetosha, na Atai alijitahidi sana kulifanya limtoshe.

Jicho lilipotulia, siku nyingine ikapangwa. Safari hii Atai alikuwa akae nyuma pamoja na mama yake. Alfajiri hiyo aliliosha gari kuliko siku zote. Alipofika mlango wa nyuma wa kushoto alipunguza mkono, akaipitia ile mikwaruzo kwa glavu kwa upole. Syprose alikuwa amemletea dawa ya kuing'arisha iondoke, lakini hakuitumia. Akalaza taulo, akabonyeza, akainua. Gari lilikuwa linang'aa.

Ecodu alitoka na funguo. "Limependeza," alisema.

Kisha akaenda kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, akapitisha kidole chini ya kishikio, akakitoa, akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa safi. Akaenda mlango wa pili, akapitisha kidole. Akaenda wa tatu. Mlango wake mwenyewe aliupapasa mwisho, akapangusa kidole kwenye suruali, ndipo akafungua na kuingia.

Atai alibaki amesimama na taulo bichi mkononi.